Farasi wa Norco wana njia yao, punda wa Lamu wapite wapi?

Kwa Mhariri,

Assalaam aleikum na hongereni kwa kazi. Barua hii ni ndefu kidogo najua, mkiona lazima mkate basi kateni, ila ile sehemu ya sheria ya barabara naomba muiache manake hio ndo ilonikalisha chini nikaandika.

Tangu boda zianze kuingia vichochoroni hapa Amu, yaani mji wa Lamu, mjadala ni ule ule, mmoja asema punda wanachafua mji, mwengine asema boda zinaua mji, wa tatu asema UNESCO watatunyang'anya jina la urithi wa dunia tulopewa 2001, alafu kila mtu arudi kwake anywe chai na kesho yake boda ni zile zile na punda ni wale wale. Mimi nimekulia mgongoni mwa punda, marehemu babangu alikuwa akibeba mawe ya Manda na mchanga, na mpaka leo kwetu kuna punda wawili, kwa hivo msinione naongea kama mtalii. Ila majuzi nlisafiri na huko nlikoenda nimeona jambo ambalo watu wa Lamu wanafaa walisikie, wakubali wakatae shauri yao.

Mtoto wa dadangu ni nesi huko California, anaishi Corona na mkewe na watoto, na kila akipiga simu ilikuwa ni "mjomba njoo, kuna mji hapa jirani utadhani uko mtaani kwetu Langoni, tofauti ni kuwa punda wa hawa ni wakubwa na wameshiba." Nkadhani ni maskhara ya vijana. Basi visa ikatoka, nkaenda, na baada ya kulala usingizi wa kuchanganya usiku na mchana akanitia garini tukaenda.

Mji wenyewe waitwa Norco. Uko kama maili 50 mashariki ya Los Angeles, kaunti ya Riverside, na watu wake ni kama elfu 26 hivi. Mtu akipita haraka kwenye ile barabara kubwa ya Interstate 15 hatajua kama amepita mahali tofauti, ataona vibao vya mikahawa ya chakula cha haraka, pampu za mafuta, maduka ya vipuri, ni kitongoji tu cha jiji kama vitongoji vyengine vya kule. Hakuna ghorofa refu, hakuna kelele, watu hawana haraka, mtu akikupita anakuinulia kofia na kofia yenyewe ni ile pana ya koboi. Jua kali, vumbi, milima mikavu kwa mbali. Nlipotoka tu nje ya gari pua yangu ikaniambia mjomba umefika kwenu, manake harufu ya samadi ni ile ile, Amu au Marekani.

Sasa kitu cha kwanza nlichokitafuta ni pahali pa kutembea kwa miguu pembeni ya barabara, sikukiona. Ile sehemu ambayo miji mengine ya Marekani wameweka saruji ya waenda kwa miguu, hawa wameweka njia ya farasi, ya changarawe laini iliyoshindiliwa, na upande wa barabara wamezungusha uzio mweupe ili mnyama asikurupuke akaingia kwenye magari. Nkamuuliza kijana wangu hii ni ya maonyesho? Akasema la mjomba, hii ni mji mzima, wanasema zaidi ya maili 90, unaweza kutoka nyumbani kwako na farasi ukaenda kununua kahawa ukarudi bila kukanyaga lami isipokuwa pa kuvuka. Na hapo pa kuvuka penyewe, mhariri, wallahi nlisimama nkacheka peke yangu. Ile swichi ya kubonyeza ili taa iwazuie magari wameiweka mbili, moja ya mtu alosimama chini, na ya pili iko juu kimo cha mtu alokaa juu ya farasi. Yaani kuna mtu alikaa ofisini, mhandisi wa serikali na karatasi zake, akajiuliza huyu aliye juu ya tandiko atabonyezaje? Mimi hilo swali tu, kuwa liliulizwa na mtu anayelipwa mshahara, ndo limenishinda nguvu.

Nje ya maduka na mikahawa kuna boriti za kufungia. Nliona farasi wawili wamefungwa, mmoja amelegeza mguu wa nyuma anasinzia, wenyewe wako ndani wanakula, na hakuna aliyegeuza shingo kuwatazama ila mimi na simu yangu. Mkwe wangu akaniambia usipige picha sana mjomba watatuona washamba. Nkamwambia mama, mimi nimetoka kisiwani ambapo punda anapita katikati ya watu wanaoswali Idi na hakuna anayeshtuka, ushamba hapa ni wa nani?

Nlipouliza historia nkaambiwa mambo ambayo yalinishangaza kwa sababu nlidhani mji kama huu utakuwa wa kale. Si wa kale. Ni kweli zamani sana, kabla Marekani haijaichukua California kutoka Mexico mwaka 1848, eneo lote lile lilikuwa mashamba makubwa ya ng'ombe, na wachungaji wake walikuwa wapanda farasi hodari ambao hawa makoboi wa leo wamejifunza kwao karibu kila kitu, kamba ya kunasia, tandiko, hata namna ya kukaa. Na farasi wenyewe Wahispania ndo waliowapeleka, Kolombasi alibeba wa kwanza safari yake ya pili 1493, farasi wenye damu ya wale wa Afrika Kaskazini waliovuka na Waislamu kwenda Andalus, huko Hispania. Hapo nlimwambia kijana wangu basi hawa watu tunawadai shukrani, akacheka. Lakini mji wa Norco kama mji ulianza 1923, mtu mmoja anaitwa Rex Clark alinunua ardhi akaikata vipande vya watu kufuga kuku na kulima, alafu 1929 akafungua hoteli ya kifahari yenye ziwa lake, matajiri na watu wa sinema wakawa wanakuja, biashara ikaja kufifia na 1941 jeshi la majini likaichukua ikawa hospitali. Baadaye sehemu ya kiwanja hicho ikawa gereza. Dunia hio.

Jambo muhimu lilikuja 1964. Miji ya jirani ilikuwa inakua, nyumba za kubanana zinapanda kila upande, na watu wa Norco wakaona wakikaa kimya watamezwa, mtu ataamka asubuhi aambiwe farasi wako haramu hapa jirani hataki nzi. Basi mwezi wa Disemba mwaka huo wakajifanya mji wenye baraza lake na sheria zake, na moja ya shabaha ilikuwa ni hio, kulinda haki ya mtu kufuga mnyama wake nyumbani. Ndo mpaka leo sehemu kubwa ya mji huo kiwanja cha nyumba hakipungui karibu nusu eka, makusudi, ili nyuma ya nyumba pabaki nafasi ya zizi. Hata majengo ya biashara wanatakiwa wayajenge kwa sura ya mbao mbao kama mji wa makoboi, ambayo kwangu mimi ni mbwembwe tu, ukuta wa simiti umebandikwa ubao, lakini nani mimi, sisi pia tuna mahoteli hapa yamebandika milango ya Kiamu ya juzi.

Ile sehemu nliyosema msiikate ni hii. Jirani wa kijana wangu ana rafiki anafuga Norco, mzee wa makamo, mstaafu, akatukaribisha kwake. Mtu mpole sana, ameniuliza maswali ya punda mpaka nkachoka mimi, anakula nini, kwato mnazikata na nini, mnawapandaje bila tandiko. Nami nkamuuliza moja tu. Farasi wako akiwa barabarani na gari linakuja kasi inakuaje? Akaniambia sheria ya barabara ya California inasema dereva akimkaribia mnyama anayepandwa au mifugo ni lazima apunguze mwendo au asimame kabisa ikihitajika, na si yeye dereva peke yake anayeamua, yule aliye na mnyama akimpa ishara ya kusimama, lazima asimame. Ishara ya mkono tu. Mzee akainua mkono akanionyesha, hivi. Nkamwambia wewe huku kwenu unainua mkono gari linasimama, mimi kwetu nikiinua mkono boda anadhani namsalimia anazidisha moto.

Hapo sasa ndo nlipoanza kuwaza nyumbani.

Fikirieni asubuhi ya gatini hapa Amu. Jahazi limeleta mawe au mchanga, jengine boriti za mikoko, vijana wa punda wamejipanga, shogi, ile mifuko ya mzigo ya mgongoni mwa punda, zimejaa, punda wanane kumi wanapanda kuingia ndani kwa ile miteremko ambayo punda wawili wanapishana kwa shida, watoto wanaenda chuo cha Qurani, mama amebeba kikapu, na ghafla kutoka kona boda na abiria wawili na honi. Punda ana mzigo, hawezi kurudi nyuma, hawezi kugeuka, kijana wa punda anapiga kelele, boda anapiga kelele zaidi na mara nyingi ni punda anayechapwa ili asogee, ilhali njia hii alikuwa nayo kabla lami haijajulikana. Mimi mwenyewe nimewahi kumfunga bandeji punda wetu mguu baada ya pikipiki kumgonga, na mwenye pikipiki alikuwa ananidai mimi hela ya taa. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu, ana miaka mingi kwenye kazi hii, siku moja kanambia kwa Kiamu chake safi, "punda hana ndia mui huu, ana mzigo tu," yaani hana njia mji huu. Nimelibeba neno hilo mpaka Marekani na kurudi nalo.

Amri za kuzuia boda zisiingie mji wa kale tumezisikia, sio mara moja. Sina shida na amri. Shida yangu ni kuwa amri zote zinaongea kuhusu pikipiki, hakuna inayosema punda apite wapi, afungwe wapi, anywe wapi, nani anampisha nani. Mtu akisoma karatasi za serikali hatajua kama mji huu una punda maelfu, ila akifungua kijitabu cha utalii punda ndo wa kwanza kwenye jalada, amevishwa maua.

Najua kuna watakaosema we mzee umetembea ukaona mali za watu sasa unataka kutuletea uzungu. Hebu ngojeni kwanza. Tofauti nliziona na sitazificha. Farasi wa Norco ni starehe kwa wengi wao. Nyasi za marobota wananunua, daktari wa mnyama ni bei, anayekata kwato ni bei, hata mavi wanayalipia yachukuliwe, yana pipa lake, na mwenye nyumba asiyesafisha jirani ana haki ya kumshtaki. Yule mzee alinitajia anachotumia kwa mwezi, sikitaji hapa kwa sababu kuna watu watasoma wakiwa na njaa. Sisi punda ni tumbo. Asiyefanya kazi hajalipa, na ndo maana kuna wenzetu, na hili niseme wazi mhariri wasije wakadhani natetea kila mwenye punda, wanampakia mnyama mpaka magoti yanatetemeka, vidonda mgongoni vimepakwa majivu na kesho yake shogi iko juu ya vidonda vile vile. Usiku wanaachiliwa wajitafutie, wanakula mifuko na makaratasi jalalani, matumbo yanaziba wanakufa. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 na Alhamdulillahi imepungua, ila nendeni jalalani mkaangalie wenyewe kama imeisha. Isingekuwa ile zahanati ya punda pale mbele ya bahari, ilioko tangu 1987 na inatibu bure, sijui hali ingekuwaje. Kuna sheria pia ya nchi dhidi ya kutesa wanyama, sura ya 360, ya tangu ukoloni, lakini sheria ambayo haijawahi kufika mtaani kwako ni kama mvua ya Nairobi, unaisikia redioni tu.

Na si Lamu peke yake. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 nchi nzima, ya 2019 ikahesabu kama milioni 1.2. Hapo katikati vichinjio vya punda vilipewa leseni kwa ajili ya ngozi za kupeleka China kutengeneza dawa, wezi wakawa wanakuja zizini usiku, watu bara waliamka wakakuta vichwa. Serikali ikapiga marufuku 2020, mahakama ikaja kuitengua, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana biashara ya ngozi isimame bara zima. Kisiwani hapa bahari imetusaidia kidogo, punda haibiwi kwa urahisi akavushwa na boti bila watu kujua. Kwa hivo nusu ya bahati tunayo bila kuifanyia kazi.

Nirudi Norco kidogo maana jumamosi yenyewe sijaisimulia na ilikuwa tamu. Kuna uwanja mkubwa wa farasi wa mji, si wa mtu binafsi, wa mji, una mabanda na taa na mchanga uliolainishwa kwa trekta. Tulikuta wasichana wanafanya mazoezi ya kuzunguka mapipa. Mapipa matatu yamewekwa pembe tatu, unaingia kwa kasi unazunguka la kwanza, la pili, la tatu, alafu unarudi moto moja kwa moja mpaka langoni, na saa inahesabu mpaka sehemu ndogo ndogo za sekunde. Binti wa miaka kumi au kumi na moja hivi, farasi wake mkubwa kama mlango wa Ngome yetu ya Lamu, anamlaza kwenye kona mpaka kikuku cha kukanyagia mguu kinakaribia mchanga, mimi moyo ukanipaa. Alafu akishuka anampapasa shingo, anamtembeza taratibu mpaka jasho likauke, ndo anampa maji, na babake amekaa pembeni hasemi neno.

Nkamwonyesha yule mzee kwenye simu video ya mbio za punda za maulidi, vijana wetu wanateremka ukingo wa bahari bila tandiko, bila kikuku, wengine bila hata hatamu ya maana, fimbo tu na miguu inakwangua chini, watu wamejaa juu ya kuta na mashua zimefuatana pembeni. Aliitazama mara tatu. Akaita na wenzake. Makoboi watano na kofia zao wameinamia simu yangu ya kupasuka kioo! Mmoja akasema hawa wakipewa farasi watatushinda sote. Sikuwatafsiria yale matusi yaliyokuwa yanasikika nyuma.

Ijumaa tuliswali msikitini Corona, upo na umejaa, wengi ni watu wa Pakistani na Waarabu, nkakutana na Mmombasa mmoja tukaongea mpaka tukafukuzwa na mlinzi wa paking. Chakula sitasema kitu, mkwe wangu alipika samaki wa kupaka kwa tui la mkebe, alijitahidi.

Kitu kimoja kingine kabla sijaomba ninachoomba. Nlidhani watu wa Norco wamemaliza, wametulia, kumbe hata wao bado wanagombana. Serikali ya jimbo inataka nyumba zaidi zijengwe kwa sababu watu hawana pa kuishi, wajenzi wanataka viwanja vidogo, vijana wengine hawafugi tena, na njia za farasi zinahitaji matengenezo, uzio ukivunjika nani alipe. Mzee yule alinambia kila mwaka anaenda kikao cha baraza la mji kubishana, na akanambia kwa furaha kabisa, yaani ni kama burudani yake ya uzeeni. Hapo ndo nliona tofauti kubwa zaidi ya ile ya pesa. Kwao mnyama yuko kwenye ajenda. Ukitaka kumtoa lazima umtoe mbele ya watu, kwa kura, mzee na kofia yake amekaa kiti cha mbele anakutazama. Kwetu anatolewa kidogo kidogo kila asubuhi na honi na hakuna kikao kilichoitishwa.

Sasa yangu haya. Mji wa kale hatuwezi kuupanua, kuta ni za mawe ya matumbawe na ni urithi wa dunia, hakuna mtu mwenye akili atasema tubomoe ili punda apate njia ya changarawe na uzio mweupe. Lakini Amu si mji wa kale peke yake. Nendeni Wiyoni, nendeni Kashmiri, nendeni Gadeni, nendeni upande wa njia ya Shela, kuta zinapanda kila wiki, na kila anayejenga anasukuma ukuta wake mpaka mwisho wa kigingi na kama jirani hayupo anasukuma na kidogo cha jirani. Miaka kumi ijayo mitaa hio itakuwa myembamba kuliko Mkomani ya mji wa kale, bila uzuri wa Mkomani. Norco walifanikiwa kwa sababu waliacha nafasi kabla ya kujenga. Sisi hapo bado tuna nafasi, si nyingi, lakini ipo. Anayepitisha ramani za nyumba aulize swali moja tu, punda na shogi zake mbili akikutana na mwenziwe hapa watapishana? Kama hawapishani ramani irudi. Upana wa punda wawili na mizigo si eka, ni hatua chache.

Ndani ya mji wa kale naomba sheria ndogo ya kaunti iseme kwa Kiswahili cha kueleweka kuwa mnyama mwenye mzigo ana haki ya njia, na anayemwongoza akiinua mkono chombo chochote cha moto kisimame na kizimwe. Iandikwe kwenye vibao gatini, Mkunguni na mwanzo wa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Na ile ile sheria imbane na mwenye punda, uzito una mwisho, kidonda kikionekana punda apumzike, usiku afungwe kwake asiende jalalani. Huwezi kudai haki ya njia alafu unampitisha mnyama anayechuruzika damu.

Boda mimi sizichukii, vijana wale ni watoto wetu na wengine baba zao walikuwa na punda. Wapewe vituo nje, upande wa nyuma wa mji, na mizigo mizito ya mitaa mipya waibebe wao, punda abaki na vichochoro. Kazi igawanywe wakae chini wagawane, chama cha boda na wenye punda, si lazima wasubiri kiongozi aje na maikrofoni.

Na boriti za kufungia na birika za kunyweshea. Hizi hazitaki bajeti ya Nairobi. Boriti ya mkoko na vigingi viwili, birika la saruji la kimo cha goti na bomba moja, fundi yeyote wa Langoni anamaliza kabla ya alasiri. Gatini moja, karibu na Ngome moja, moja njia ya kwenda hospitali. Hao wa mahoteli wanaoweka punda kwenye mabango yao wachangie maji, ni haki yake, picha anapigwa kila siku na halipwi. Wasimamizi wa maulidi nao, nawaomba kwa heshima zote, mwaka unaokuja kabla ya mbio punda wakaguliwe, mwenye kidonda asikimbie, hata kama ni wa mtu mkubwa.

Mhariri, kama mna mwandishi wa kutuma Lamu msimtume wakati wa tamasha, mtumeni siku ya kawaida, aamke mapema aje gatini majahazi yakishusha mchanga, mimi au kijana wetu wa punda tutampokea, na tutampa punda mmoja amwongoze mwenyewe mpaka Langoni na mzigo wake. Akifika salama aandike anachotaka.

Wasalaam,
Mwenye punda wawili,
Langoni, Lamu